Uzi Unaoyeyuka

Daktari Pyo, kabla hujachoma,
niambie uzi huo ni wa namna gani.
Usiseme ni wa kisasa. Nimeuliza uzi.
Miaka arobaini na miwili nimeshona
ghorofa ya pili, soko la Seomun, hapa hapa Daegu,
kati ya muuza vifungo na mama aliyekaanga mandu;
uzi ukinipitia naujua kwa ulimi,
kama wengine wanavyoijua chumvi.

Unasema unayeyuka.
Miezi sita, minane, umekwisha mwilini.
Nisamehe nikicheka, krimu imenifisha midomo
na kicheko kinatokea upande mmoja.
Fundi gani, mwanangu, anayeshona pindo
kwa uzi anaojua utayeyuka?
Mteja wangu angerudi na sketi mkono huu
na mwavuli mkono wa pili.

Wako akirudi, unamkatia risiti.

Usidhani nimekuja kukusuta. Nimelipa.
Won laki tisa, taslimu,
za kuuzia cherehani mbili na meza ya kukatia.
Binti yangu Seon-ju alisema, nunua jokofu la kimchi.
Jokofu ninalo. Mashavu ndiyo sina.

Aliyenileta ni mjukuu, Da-on.
Ana miaka ishirini na miwili,
paji lake shuka lililotoka kupigwa pasi,
naye anachomwa botoksi kila miezi minne.
"Ni kinga, bibi. Usipoziba ufa..."
Nimelitazama paji hilo tangu siku lilipozaliwa,
nikiutafuta huo ufa.
Ukuta mbichi, na tayari unatiwa viraka.

Kule nje nimeketi na wasichana tisa,
na mwanajeshi mmoja, kipara, mwenye chunusi,
anayehesabu siku za likizo kwa vidole,
na akina mama watatu wa Ulaanbaatar na mkalimani wao.
Ukutani bango: sindano ya mbegu za salmoni,
ngozi inakunywa, uso unang'aa.
Salmoni nimemla mara nyingi. Sikujua kwamba anavalika.
Marehemu mume wangu aliuza samaki miaka sita.
Alinuka. Hakung'aa.

Mikunjo hii inayouzunguka mdomo
umeandika kwenye karatasi yako: umri.
Futa. Ni pini.
Nilizibana midomoni, saba, nane kwa mara moja,
mikono yangu ikiwa kiunoni kwa bibi harusi,
na bibi harusi akilia, au akiuliza kama amenenepa,
nami siwezi kumjibu.
Watu wakadhani mimi ni mpole.
Iondoe. Sihitaji ukumbusho wa niliyoyameza.

Na fundo? Unafungia wapi?
Aa. Hakuna fundo. Uzi una miiba midogo,
unanasa wenyewe kama mbegu za nyasi kwenye soksi.
Hiyo ni akili. Hapo nakuvulia kofia.
Ningekuwa na uzi wa hivyo mwaka themanini na nne,
wakati wa zile sare za kiwanda, mikono mia sita,
labda nisingepinda mgongo.
Mgongo hamna dawa yake? Nilijua.

Krimu bado dakika kumi na tano.
Vua koti.
Kifungo cha pili kinaning'inia tangu nilipoingia,
na kwa ajili yake nusu ya maneno yako sikuyasikia.
Sindano ninayo, chini ya kola, haijawahi kuhama.
Usinizibie taa.
Mashimo manne, mara tatu tatu,
zungusha shingoni, fundo, ng'ata.
Haya, vaa. Hiki hakiyeyuki;
koti litaisha, kifungo utakihamishia koti lingine.

Sasa zamu yako, fundi.
Anza na shavu la kushoto.
Ndilo nililolalia.